Nilivyowaonyesha wanafunzi wangu wa Lamu kimeng'enya kikichapa kazi

Kidato cha nne hawadanganyiki. Niliposema kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, vinavyoweza kugeuza hewa ya kaboni (kaboni dioksidi) kuwa mafuta, kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, basi mbona baba bado ananunua petroli ya boti?"

Swali la haki. Nikaanza na kimeng'enya ninachoweza kukipata hapa Amu: kaboniki anhidrasi, kilichomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Katikati yake mna zinki, na kimoja kinaweza kushughulikia hadi molekuli milioni moja za hewa hiyo kwa sekunde. Nikaomba damu kidogo ya ng'ombe buchani. Damu ni najisi, kwa hivyo niliishika mwenyewe, kwa glavu.

Bika tatu za maji ya barafu, kila moja na tone la sodiamu haidroksaidi iliyozimuliwa sana na rangi ya bromothimoli ya buluu, ambayo hugeuka manjano maji yakiwa na asidi. Ya kwanza sikuitia kitu. Ya pili, tone la damu iliyozimuliwa hadi wekundu ukawa wa kubahatisha. Ya tatu, damu ile ile, lakini imechemshwa ili kimeng'enya kiharibike. Wanafunzi watatu wakamimina pamoja kijiko cha maji ya soda, yenye hewa ya kaboni ndani, yaliyotoka kwenye friji. Bika ya pili ikawa manjano papo hapo! Mbili nyingine zikang'ang'ania ubuluu, zikapita kijani, ndipo zikafuata. Barafu usiiache: maji yakiwa vuguvugu, hata isiyo na damu hukimbia na tofauti huioni.

Hapo hewa imekuwa bikaboneti na asidi tu, si mafuta. Kimeng'enya kingine, fometi dihaidrojenasi, huipa hewa elektroni mbili ikawa fometi, na viwili zaidi huifikisha methanoli, pombe inayoweza kuchomwa kama mafuta. Maabara zimeshafanya hivyo. Kinachokwamisha ni mbebaji wa elektroni, NADH: ni ghali, na sharti ijazwe upya kila mara, kwa mfano kwa umeme au kwa mwanga. Hewa ya kaboni ni jivu. Hulichomi tena mpaka ulirudishie nguvu iliyolitoka.

Binti mmoja akataka kujua kama ule mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi, hapa Lamu, ambao leseni yake ilifutwa Juni 2019, ungeweza kutengeneza methanoli kwa moshi wake.

"Kwa umeme wa nani?"

"Wa mtambo wenyewe."

"Hasara hiyo," mwenzake akadakia. "Afadhali wa jua."