Nilivyobadilisha mashine za gitaa la zamani bila kupanua tundu hata moja

Mashine za gitaa langu, yaani zile gia za kichwani za kukazia nyuzi, zilikuwa zimechoka, na kila fundi niliyempelekea hapa Mombasa alinipa shauri lile lile: toboa. Panua matundu ya kichwani, tia mashine za kisasa zilizofunikwa gia, kazi imekwisha. Mmoja wao, upande wa Mwembe Tayari, alikuwa keshashika drili ya umeme kabla sijamaliza kueleza. "Ami, dakika kumi tu," akaniambia. Nikalirudisha gitaa mkobani nikaenda zangu. Najua wako wengi wenye magitaa ya wazee wao juu ya kabati, na shauri hilo litawafikia pia. Msilikubali.

Langu ni la Kijerumani, lile la uso uliobinuka na matundu mawili ya herufi f kama ya fidla. Mkia wake unaoshika nyuzi ni wa chuma, na daraja linalozibeba nyuzi halikugandishwa kwa gundi, linakaa pale kwa mkazo wa nyuzi peke yake. Ukichungulia ndani utaona karatasi iliyoandikwa Bubenreuth, kijiji cha Bavaria ambako mafundi wengi wa ala waliofukuzwa Schönbach, Chekoslovakia, walihamia baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kichwa chake kimebandikwa ganda jembamba jeusi lenye nakshi. Drili ikipita pale, ganda linapasuka ukingoni, na mbao iliyoondoka hairudi. Tena mashine zilizofunikwa ni nzito: ukivaa gitaa kwa mkanda, kichwa kinakuvuta kwenda chini usiku kucha. Mimi napiga harusini, najua usiku wa harusi ulivyo mrefu.

Mashine za zamani nilizipigania kwanza. Nilizifungua, nikazisugua kwa brashi na mafuta ya taa, nikazikausha, nikatia tone moja moja la mafuta ya cherehani. Vishikio vya plastiki vilikuwa vinamong'onyoka vikiguswa, nikavitoa na kutia vipya. Njia yenyewe ni kupasha moto ncha ya chuma kwa kiberiti cha gesi kisha kukisukuma kishikio polepole. Plastiki inalainika, inajishika, ikipoa haitoki. Vilikaa vizuri sana. Lakini kutu la hewa ya chumvi na miaka ya kukazwa na kulegezwa vilikuwa vimeshakula meno ya gia. Uzi wa tatu ulikuwa ukishuka katikati ya wimbo, mwimbaji anageuka kunitazama. Hakuna mafuta yanayorudisha meno.

Mpwa wangu anayefanya kazi Dubai akaniletea seti mpya ya mtindo wa kale: gia wazi, mashine tatu kwenye bamba moja, bamba la kushoto na la kulia. Kama elfu sita hivi, na zawadi ya kumshukuru juu yake. Nikaziweka nyuma ya kichwa niingize nguzo, vile vijiti vya chuma vinavyozungushiwa uzi: nguzo moja ikaingia, ya pili ikaingia kwa shida, ya tatu ikakataa.

Hapo ndipo nilipoazima kalipa, kile kipimo cha milimita. Kwenye gitaa langu, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu ni 35 mm. Bamba jipya lilikuwa karibu 36. Ukifika nguzo ya tatu, tofauti imekuwa karibu milimita mbili, nguzo inasimama upande na kusugua ukuta wa bushi, ile pete ndogo ya chuma ambamo nguzo hupita. Hata ukiilazimisha iingie, ukikaza uzi itakwama kisha iruke, na sauti unayoitafuta utaipita kila mara. Halafu nguzo zenyewe: za zamani zilikuwa 6 mm, mpya ni robo inchi, yaani 6.35. Nilipowaeleza mafundi vipimo hivyo, wakasema nilivyotarajia: si tulikwambia utoboe?

Mimi nikasema chuma ndicho kitakachokatwa. Mbao imekaa miaka yote hii, bamba limetoka kiwandani juzi.

Kwa mtu wa kuchomelea sikwenda, angenikatia kwa gurudumu la umeme na kuzipinda gia. Nilikwenda Mji wa Kale kwa sonara. Mzee mmoja, meza yake imejaa pete na bangili za kutengenezwa, akalishika bamba, akaligeuza, akalikuna kwa ukucha. "Shaba hii, wamepaka nikeli juu. Wataka nikate wapi, mwanangu?" Nilikuwa nimeshachora mistari kwa kalamu ya wino wa kudumu. Ugumu ulikuwa kwenye tundu za skrubu, kwa sababu skrubu moja ya kati inashika mashine mbili. Ukikata katikati ya tundu hiyo, pande zote mbili zinabaki na nusu isiyofaa. Mzee akapendekeza tukate pembeni yake, upande mmoja ubaki na tundu, mwingine atoboe mpya. Akatoa ule msumeno wake mwembamba anaokatia dhahabu, akaupaka nta, akaanza. Hakuna cheche, hakuna moto, na unga wa shaba ukadondoka kwenye ngozi iliyo chini ya meza. Bamba mbili zikawa mashine sita zinazojitegemea, kingo zimepigwa tupa na kusuguliwa mpaka huoni ni wapi zilikatwa.

Tukamalizia na bushi. Hizi ndizo zilizokuwa finyu. Nilizitoa nyumbani kwa kuzigusa na ncha ya solda hadi vanishi iliyozishika ikalegea, kisha nikazisukuma kutoka nyuma kwa kijiti cha mbao. Asikudanganye mtu uzigonge kwa nyundo. Sonara akazipanua kwa ndani, unywele kwa unywele, akijaribia nguzo yenyewe. Kwa nje hazikuguswa, kwa hiyo zilirudi kwenye matundu yale yale na kukaza. Alichonitoza hakikufika bei ya seti moja ya nyuzi nzuri, nikamwongezea.

Kufunga kulikuwa kwepesi. Fanya upande mmoja kwanza, nyuzi tatu za upande wa pili zibaki zimekazwa, la sivyo daraja litahama na utaisaka nafasi yake kwa saa nzima. Mashine za kushoto zisichanganyike na za kulia, maana gia zitakaa kinyume na utajikuta unalegeza unapodhani unakaza. Matundu ya zamani ya skrubu nilijaza vijiti vya kuchokolea meno na gundi ya mbao, yakalala usiku kucha, ndipo nikatoboa vijitundu vipya vya skrubu kwa keekee ndogo ya mkono. Skrubu hizi nyembamba hukatika vichwa, kwa hiyo zisugue kwenye mshumaa kabla ya kuzikaza. Wengine husema sabuni. Kwa unyevu wa pwani yetu sabuni huvuta maji na kuozesha skrubu ndani ya mbao.

Gitaa sasa linashika sauti kuanzia bwana harusi anaingia mpaka viti vinakusanywa. Ukimaliza yako, linganisha sauti ya freti ya 12 na ile ya kuugusa uzi tu juu yake. Zikitofautiana, sogeza daraja kidogo kidogo. Nyuzi mpya zitashuka siku za mwanzo, na hilo si kosa la mashine: vuta kila uzi kwa kidole, ukaze tena, urudie mpaka utulie.