Nilivyopendekeza Ramses II iingie kwenye gemu ya vifaru

Ukoo wa vifaru vya Kisovieti vya T-54 na T-55 nimeupenda tangu shule. Wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, Waganda walikuwa na T-55, na jeshi letu lilikuwa na Type 59, ambayo Wachina waliiunda kutokana na T-54. Kwa hiyo gemu ya magari ya vita ninayocheza ilipokaribisha mapendekezo ya wachezaji, nilijua nitabaki humo humo kwenye ukoo. Nikachagua Ramses II ya Misri.

Kifaru hiki ni mchanganyiko wa kweli. Misri ilisaini mkataba wa amani na Israel mwaka 1979, silaha za Marekani zikaanza kuingia, na huku imebaki na T-54 na T-55 nyingi za Kisovieti. Miaka ya 1980 kampuni ya Marekani, Teledyne Continental, ikaifanyia kazi T-54. Mzinga wa milimita 100 ukatolewa, ukafungwa M68 wa milimita 105, jamii ile ile ya mzinga ulio kwenye M60, vifaru vya Marekani ambavyo Misri ilikuwa inavipokea. Injini nayo ikawa AVDS-1790 ya nguvu farasi 908, ndugu wa injini ya M60. Risasi na vipuri vikawa vya ghala moja.

Wanaopitia mapendekezo hawataki sifa, wanataka ushahidi. Picha nilizipata, ila kuna jambo moja lilinisumbua: T-54 ina magurudumu matano kila upande, Ramses II ina sita. Kwa nini?

Jibu nililipata kazini. Niko gereji ya Unga Limited hapa Arusha, tunarefusha Land Cruiser za watalii: tunakata chesisi, tunaunga kipande, tunapima tena na tena kabla ya kuchomelea. Nikamwonyesha fundi wetu mkuu picha kwenye simu. Akaitazama kimya, akaikuza kwa vidole mpaka nyuma ya kifaru.

"Dogo, achana na gurudumu kwanza. Injini waliyoweka ni ya aina gani?"

"Kubwa kuliko ya mwanzo, mzee."

"Basi nyuma walirefusha. Na ukirefusha, uzito lazima uushikilie na kitu."

Nikarudi kwenye maandishi, nikakuta ndivyo ilivyo. V-55, injini ya T-55, hulazwa kwa upana wa bodi, ndiyo maana sehemu ya nyuma ni fupi. AVDS-1790 haikuenea pale, bodi ikaongezwa nyuma, na gurudumu la sita likaja kubeba.

Pendekezo lote nikalijenga juu ya hoja hiyo. Kila badiliko nililieleza na sababu yake, kisha picha ya pembeni ya T-55 juu, ya Ramses II chini, magurudumu yakihesabika. Hesabu ya mwendo nikaiweka wazi: T-55 ina nguvu farasi 580 kwa tani 36, yaani kama 16 kwa tani. Ramses II ni 908 kwa takriban tani 48, kama 19. Imeongezeka, ila si mnyama wa kutisha. Deraya ya mbele ya bodi nikaiandika ile ile ya T-54, chuma cha milimita 100 kilicholazwa. Wachezaji wengi wanapopendekeza hujaza unene wa chuma usiokuwepo, na mimi naona hilo linaiua hoja. Kifaru hiki utamu wake ni kupiga kwa mzinga wa kisasa huku umevaa ngozi ya zamani, unalazimika kujificha vizuri.

Pendekezo limepita ukaguzi, liko kwa waundaji wa gemu. Mwenzangu pale gereji sasa anataka kuandika la Type 59 iliyofungwa mzinga wa milimita 105. Nimemwambia aanze kutafuta picha za turreti, kile kichwa kinachobeba mzinga, maana safari hii magurudumu ni matano tu.