Konzi ya Unga na Gari la Misaada

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wapendwa. Katika Mwaka B wa liturujia, Jumapili ya 32 hutusomea habari za nabii Eliya na mjane wa Sarepta, aliyempa nabii mkate wakati wa njaa na unga wake usipunguke, na kwa kuwa Jumapili hiyo huangukia kati ya tarehe 6 na 12 Novemba, kwa Wakatoliki wa Ufilipino somo hilo huja karibu kabisa na kumbukumbu ya msiba wao mkubwa. Alfajiri ya tarehe 8 Novemba 2013, tufani ya Haiyan, ambayo wenyewe huiita Yolanda, iliipiga Guiuan, mashariki mwa kisiwa cha Samar, kisha ikavuka hadi Leyte, ambako bahari iliingia mjini Tacloban na kusomba mitaa mizima. Serikali ilihesabu waliokufa 6,300, na watu wapatao milioni 4 waliachwa bila makazi.

Habari za Tacloban zilienea upesi, lakini vijiji vya ndani na visiwa vidogo vilingoja siku nyingi, kwa sababu barabara zilizibwa na miti iliyoanguka na mashua zilikuwa zimevunjika. Vijana wengi, wakiwamo wanafunzi wa vyuo na vijana wa parokia, walikesha kumbini wakipima mchele na kuufunga katika mifuko pamoja na samaki wa kopo na tambi za pakiti, kisha wengine wakapanda juu ya mizigo hiyo na kwenda nayo hadi mahali gari lilipokoma. Wafilipino wana neno la kazi ya namna hii, bayanihan, ambalo sisi tungelisema ujima au msaragambo. Picha yake ya asili ni majirani wanaoiinua nyumba nzima ya mwenzao mabegani na kuihamisha.

Mtu wa Tanga au wa Pemba hahitaji kuelezwa kwa maneno mengi walichokikuta huko. Minazi ipatayo milioni 33 iliharibiwa au kung'olewa, na mnazi mrefu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, hivyo mkulima aliyepokea mfuko wa mchele wa siku chache alikuwa amepoteza chakula, mafuta, makuti na ada ya watoto kwa miaka kadhaa mbele. Mwone basi mkulima huyo akiwa amesimama kwenye foleni, jina lake likiitwa kutoka kwenye orodha, akipokea mfuko kutoka kwa kijana wa umri wa mjukuu wake. Mwone pia akirudi na dafu alilolitoa kwenye mnazi ulioanguka, akimnyoshea kijana yule. Katika nchi ambayo mtu anayekula humwambia kila apitaye "Kain tayo", yaani tule, kama nasi tunavyosema "karibu chakula", tendo hilo si la ajabu hata kidogo. Ugumu uko kwa kijana: alipokee au alikatae?

Wengi wetu tungelikataa, na tungelikataa kwa nia njema, tukijiambia kwamba haifai kumpunguzia aliyepungukiwa. Nakiri kwamba hoja hiyo ina uzito, maana kundi la wajitoleaji linalofika kijijini bila chakula chake lenyewe ni mzigo juu ya mzigo.

Hata hivyo, nimekuwa nikiyarudia maneno ya Papa Fransisko alipoizuru nchi hiyo. Tarehe 17 Januari 2015 aliadhimisha Misa karibu na uwanja wa ndege wa Tacloban huku dhoruba nyingine ikikaribia, akiwa amevaa koti la mvua la njano kama waumini waliokuwa mbele yake. Baada ya Misa hiyo upepo uliangusha jukwaa la vipaza sauti, likamuua msichana wa miaka 27 aliyekuwa mmoja wa wajitoleaji, na kesho yake mjini Manila, katika Chuo Kikuu cha Santo Tomas, Papa aliwaomba vijana wamwombee. Hapo alisimama kijana mmoja aliyekuwa ametengeneza na wenzake taa za umeme wa jua kwa ajili ya walioachwa gizani na Yolanda. Papa alimshukuru, kisha akamwambia kwamba amepungukiwa na jambo moja: ajifunze kuwa mwombaji, apokee kwa unyenyekevu kutoka kwa hao anaowapa, akubali kuinjilishwa na maskini.

Neno hilo linachoma, hasa kwetu ambao katika miji yetu "ombaomba" ni jina la dharau. Lakini Eliya aliingia Sarepta hivyo hivyo. Kwa miaka mingi nilimwona nabii huyu kama mtu asiye na haya, kwa kuwa alimkuta mama anaokota kuni mbili za kupikia chakula cha mwisho yeye na mwanawe, akaanza kwa kusema, "Niletee, nakuomba, maji kidogo," na kabla mama hajafika kwenye maji akamwita tena aongeze mkate. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone, tukitazamia mgeni aje na kitu mkononi. Huyu alikuja mikono mitupu. Alichomfanyia mama yule kwanza, kabla unga haujaanza kudumu pipani, ni kumfanya mwenyeji tena, mtu mwenye nyumba, mwenye moto na konzi ya unga inayoweza kuombwa.

Mtakatifu Paulo alikutana na jambo hilo hilo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, kwa maana katika 2 Wakorintho 8 anasimulia jinsi makanisa ya Makedonia, yenyewe yakiwa katika umaskini mkubwa, yalivyomsihi yasiachwe nje ya huduma hiyo.

Vijana wetu nao hubeba mizigo ya namna hii, kama wengi walivyofanya baada ya maporomoko ya tope ya Hanang mwezi Desemba 2023, nami sina neno baya juu yao isipokuwa juu ya picha ya kukabidhi, ile ambayo mama ameshikishwa mfuko wa unga na kuelekezwa atazame kamera. Saa hiyo ingetosha kuketi naye kwenye jiwe, kunywa maji aliyoyachota, na kumwuliza marehemu wake waliitwa nani.

Somo la Jumapili huishia kwenye unga usiopunguka, lakini sura inaendelea. Mtoto wa mama yule akaugua, hata pumzi ikamtoka. Mama hakuhitaji kutuma mtu kumtafuta nabii barabarani, kwa sababu mgeni aliyekula mkate wake alikuwa bado anaishi mle ndani. Eliya akamchukua mtoto kifuani pa mama yake, akampandisha chumbani alimokuwa akikaa, akamlaza juu ya kitanda chake mwenyewe.