Kutotolesha kambale Tukuyu: kumbukumbu ya mradi wangu, Mei hadi Septemba

Mei

Mvua kubwa zimepungua, barabara ya kushuka Kyela inapitika vizuri, nimeanza. Lengo la msimu huu ni moja tu: kuzalisha vifaranga vya kambale hapa hapa milimani, tuache kusubiri mifuko ya vifaranga inayosafiri usiku kucha kutoka Morogoro au Songea.

Wafugaji wa wilaya yetu ya Rungwe tunajua kuchimba mabwawa. Maji tunayo tele, maana Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini. Kinachotukwamisha ni mbegu, yaani vifaranga. Kifaranga kinafika kimechoka, kinamwagwa kwenye bwawa lenye joto la nyuzi 18, na wiki inayofuata mwenye bwawa anaokota vilivyoelea. Mama mmoja wa upande wa Kiwira aliniambia, "Mwanangu, mimi sina shida ya kulisha. Nipe samaki wanaoishi, pumba na mashudu nitatafuta mwenyewe." Hilo ndilo limenisukuma.

Wanaonifuatilia wanajua kwamba mwalimu wangu katika kazi hii ni samaki ambaye hawezi kuishi hata siku moja kwenye bwawa la Tukuyu. Ni seriola, samaki wa baharini wa ukoo mmoja na kolekole, yule ambaye Wajapani humfuga na kumla mbichi. Kuna spishi kadhaa. Seriola mkubwa, Seriola dumerili, baharini anaweza kupita urefu wa mita moja na nusu, na akifugwa vizuri hufikia kilo 6 kwa miaka kama miwili na nusu. Wanaouliza kama tumlete Mbeya: hapana. Anataka maji ya chumvi, safi, yanayopitisha hewa nyingi, na chakula chenye protini karibu nusu ya uzito wake. Mahali pake ni pwani. Lakini historia ya ufugaji wake ni historia ya watu waliohangaika na mbegu kwa karibu karne nzima, na sijaona somo lingine linalogusa shida yetu kwa karibu namna hiyo.

Mwaka 1928 Wasaburo Noami alifanikiwa kukuza seriola wa Japani, Seriola quinqueradiata, katika bwawa la maji ya bahari la Ado, pale Hiketa, mkoa wa Kagawa. Bwawa, wala si vizimba vya baharini tunavyoviona kwenye picha siku hizi. Vifaranga vilitoka baharini, na hata leo sehemu kubwa ya mbegu za spishi hiyo bado inatoka huko. Kila majira ya kuchipua, vifaranga vya urefu wa sentimita chache huelea chini ya marundo ya mwani yanayosukumwa na mkondo wa Kuroshio. Wavuvi huzungushia wavu rundo zima, hutenga samaki na mwani, kisha huwauzia wafugaji. Uvuvi huo umewekewa msimu na kiwango, kwa sababu ukivua watoto wote hakuna wa kukua. Taifa lenye utaalamu wote ule bado linategemea mwani umeleta nini mwaka huu. Nikiona mfugaji wa Rungwe anasubiri basi la usiku, naona ni shida ile ile.

Juni

Wazazi wamefika. Binamu yangu wa Kyela aliwatunza kwenye bwawa lake la bondeni tangu mwaka jana, majike na madume mbalimbali. Ni kambale wa asili ya huku. Mito yetu, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, yote inaishia Ziwa Nyasa, na kambale huyu yumo ziwani na mitoni tangu zamani. Jambo hili nalipigania kila ninapokutana na wafugaji. Sato wa Ziwa Viktoria si mwenyeji wa Nyasa. Akitoroka kwenye bwawa wakati wa mafuriko anaingia kwenye maji yenye perege wake wa asili, anawanyang'anya chakula na kuzaliana nao. Bwawa la mlimani linavuja kwenda ziwani, hakuna ukuta katikati. Kwa nini nianze na samaki wa kunitia wasiwasi kila masika, wakati mwenyeji yupo na anakua?

Banda ni lile la zamani la kuku. Nimeweka simtanki la lita 1,000 lililokatwa juu, nikalizungushia gunia za maranda pande zote na chini, halafu nikafunika nailoni nyeupe juu ya fito. Maranda huku hayanunuliwi kwa bei ya maana, mashine za mbao zipo kila upande. Maranda hayo hayo ndiyo kuni: pipa dogo la maji limekaa juu ya jiko la maranda, chini ya usawa wa tangi, na bomba la PPR, plastiki ngumu ya maji ya moto, limetoka kwenye pipa, limezunguka ndani ya tangi na kurudi. Maji ya moto yanapanda yenyewe, yakipoa yanashuka, hakuna pampu. Maji ya pipa hayachanganyiki na maji ya samaki.

Nje, bwawa langu linasoma nyuzi 17 alfajiri. Ndani ya tangi ni 26, na usiku mzima haijashuka chini ya 25. Nilikaa nikaangalia ile kipimajoto kwa furaha ambayo sijui niieleze vipi kwa mtu asiyefuga.

Julai

Mwezi wa kazi yenyewe, nauandika kwa kirefu.

Kambale jike akiwa tayari, tumbo linajaa na kulainika, na tundu la uzazi linakuwa jekundu. Hata hivyo hatagi kwenye tangi. Huko mtoni anangoja mvua ya kwanza na maji yanayopanda kwenye majani. Tangini hakuna mafuriko, kwa hiyo unampa homoni. Nilichukua tezi ya pituitari, ndiyo yenye homoni hiyo, ya kambale mwingine mwenye uzito unaolingana naye. Iko chini ya ubongo, nyeupe, ndogo kama punje ya uwele. Nikaisaga kwenye maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikamchoma jike kwenye mnofu wa mgongo saa tatu usiku. Kwa nyuzi 26 mayai yanakuwa tayari baada ya kama saa 10. Kwa nyuzi 20 ungesubiri mara mbili ya hapo, ndiyo maana joto ni jambo la kwanza na la mwisho kwenye kazi hii huku kwetu.

Saa moja asubuhi nilimfuta maji vizuri, nikamfunga kichwa kwa taulo lenye unyevu, nikapitisha kidole gumba taratibu kutoka kifuani kwenda nyuma. Mayai yalimiminika kwenye bakuli kavu, ya rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, yanang'aa, kila moja limejitenga. Dume hakamuliwi. Inabidi umchinje, utoe korodani, uzikatekate na kuchuja manii. Unachanganya na mayai kwa unyoya wa kuku, unatia maji safi, unatikisa polepole kwa dakika moja, basi. Baada ya hapo mayai yananata. Niliyatandaza juu ya kipande cha chandarua kilichovutwa kwenye fremu, tabaka moja, yasilaliane. Yaliyokufa yanageuka meupe na kuota ukungu, hivyo unayatoa kabla hayajaambukiza majirani.

Kesho yake kabla ya saa sita mchana vilianza kutoka. Unaona mkia kwanza, unatetemeka, halafu kifaranga kinapenya kwenye tundu la chandarua na kushuka chini, kinakimbilia gizani. Nilifunika nusu ya tangi kwa turubai jeusi. Baada ya muda sakafu ya upande wa giza ilikuwa imejaa kitu kama nywele fupi zinazocheza.

Hapa namkumbuka seriola tena. Jike wa seriola mkubwa akifungwa kizimbani mara nyingi mayai yake hayakomai hadi mwisho. Wataalamu wa Ulaya walilifanyia kazi sana katika mradi wa DIVERSIFY, 2013 hadi 2018, na dawa yao ni ya jamii ile ile: homoni, ila inapandikizwa mwilini ndani ya kidonge kinachoitoa polepole. Samaki wa Bahari ya Kati (Mediterania) na samaki wa Mto Kiwira, wote wawili wanajua wamefungwa, na wote wawili wanahitaji mwili udanganywe kidogo.

Siku ya tatu kiini cha yai ambacho kifaranga hutoka nacho kinaisha na mdomo unafunguka. Siku hizo ndizo zinazoua vifaranga vingi duniani kote. Cha seriola huanza na rotifa, kidudu kisichoonekana vizuri kwa jicho, kilicholishwa kwanza mafuta ya omega-3, kisha hupewa artemia, kidudu kingine kikubwa kidogo. Chetu kina mdomo mkubwa zaidi, kinaanza na artemia moja kwa moja. Kopo la artemia ni ghali, kwa hiyo nilikuwa nimeshaotesha viroboto maji, vidudu vidogo vya majini, kwenye mabeseni ya nje yenye maji ya mbolea ya kuku. Kwa baridi ya Julai huko nje wanazaliana kwa uvivu, nikayahamishia mabeseni ndani ya nailoni. Ilisaidia.

Jambo moja nimelichukua kwa seriola moja kwa moja. Kifaranga chake, siku za mwanzo, lazima kifike juu ya maji kimeze hewa ili kibofu cha hewa kijae. Utando wa mafuta ukitanda juu, hakipenyi, kibofu hakijai, na samaki anakua na kilema. Kwa hiyo vituo vyao huweka kifaa cha kupuliza juu ya maji na kukusanya mafuta pembeni. Kambale naye, akishafikisha wiki mbili tatu, anaanza kupanda kuvuta hewa, maana ana kiungo cha kupumulia juu ya matamvua. Mimi nalisha unga wa dagaa na kiini cha yai la kuchemsha, na vyote vinaacha mafuta. Nimekata bomba la inchi 2 kwa urefu, nikalielekeza kwenye kona, na mpira wa pampu ya hewa unapuliza uso wa maji kuelekea humo. Asubuhi nafuta kwa karatasi. Karatasi ya jana ilitoka na rangi ya njano hadi mwisho.

Umeme ulikatika mara kadhaa mwezi huu. Jiko la maranda halikuhitaji umeme, hewa tu ndiyo tulikoroga kwa mikono, mimi na mdogo wangu kwa zamu.

Agosti

Vinakulana.

Mwanzo anayezidi kidogo anamshika mwenzake mkia na kumtafuna kwenda mbele, kichwa anakitema. Wakikua anammeza mzima, kichwa kwanza, na unamwona yule mkubwa analala chini tumbo limechongoka, mkia wa mwingine unachungulia mdomoni. Kila mlo wa namna hiyo unamfanya awe mkubwa zaidi ya wenzake, kesho anameza wawili. Usipoingilia kati, unabaki na samaki wachache wanene na maji matupu.

Vifaranga vya seriola vina tabia hiyo hiyo. Vile vinavyotolewa kwenye mwani hupangwa kwa saizi kabla ya kuingia kizimbani, na vinapangwa tena na tena. Nimetengeneza masanduku ya mbao yenye chini ya wavu, kwa saizi tatu tofauti za matundu. Sanduku linaelea ndani ya tangi, vidogo vinapita vyenyewe, vikubwa vinabaki juu. Hakuna kukamata kwa mkono wala kuchubua ngozi. Napanga mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla ya kulisha. Vilevile nalisha kidogo kidogo mara nyingi, usiku ukiwemo, na turubai jeusi halitoki. Gizani wanatulia.

Mzee jirani alikuja kuangalia akasema, "Baba, hawa unawatenganisha kama wanafunzi, wadogo madarasa yao, wakubwa yao." Akaomba afundishwe kutengeneza sanduku. Tumetengeneza lake pamoja siku hiyo hiyo, nimempa na kipande cha wavu.

Septemba

Joto limerudi, bwawa la nje linasoma 21 alfajiri na mchana linapita 24. Vifaranga vya saizi kubwa vina urefu wa kidole cha kati. Kabla ya kuvigawa nilivizoesha kwa kuacha jiko lizimike polepole, nyuzi moja kwa siku, hadi tangi na bwawa vikalingana. Mama wa Kiwira alichukua wa kwanza. Alikuja na ndoo mbili na kijana wa bodaboda, tukafunika ndoo kwa khanga yenye maji, safari fupi, wamefika wanaruka. Baada ya wiki alinipigia simu kunishukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga mwanangu. Nimerusha pumba, maji yamechemka."

Wengine wameniomba niwaletee mbegu zaidi hata kama ni za kununua kwa mtu nisiyemjua. Nimekataa, na sababu yangu niliwaeleza hivi. Wajapani walipokosa vifaranga vya seriola mkubwa walinunua kutoka China. Mwaka 2005 minyoo ya Anisakis ikakutwa kwenye samaki waliokuzwa Japani kutoka kwa vifaranga hivyo; huko vilikotoka vilikuwa vimelishwa samaki wabichi. Minyoo ilisafiri ndani ya mbegu. Sisi hatuna maabara wilayani ya kukagua kila mfuko. Bora tangi moja dogo ambalo nawajua wazazi wake.

Kazi ya mwezi ujao: tangi la pili, safari hii nitalijengea ukuta wa tofali mbili na maranda katikati, kuchagua majike wa mwaka kesho kutoka kwa hawa waliokua haraka bila kula wenzao, nimeshawatenga, na kwenda Mwakaleli, ambako ni juu zaidi na baridi zaidi, kupima maji ya mabwawa ya watu wawili wanaotaka kuanza. Maji yao yakiwa chini ya nyuzi 20 hadi Desemba nitawashauri wasubiri, au tujadili nailoni juu ya bwawa dogo la kukuzia. Vipimo vya kule nitaviandika hapa.