Amplifaya inakata besi ikipiga: nilivyoutafuta ubovu kwa mita

Gari ni Toyota Noah. Nyuma kuna amplifaya ya chaneli moja, wati 500 kwa omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na sabufa mbili za inchi 12, kila moja omu 4, zimeungwa sambamba, yaani kwa pamoja ni omu 2. Sauti ikiwa chini inapiga kutwa nzima bila shida. Ukifikisha redio namba 25 kati ya 40, besi inapiga mara moja tu, kisha kimya. Sekunde mbili tatu inarudi yenyewe. Besi nyingine, kimya tena. Spika za milangoni haziguswi, maana hizo zinaendeshwa na redio.

Kabla ya kushika bisibisi, angalia inakataje. Amplifaya inayokata kwa joto huchukua muda, pengine nusu saa, bodi yake haishikiki, na hairudi mpaka ipoe. Yenye shoti kwenye waya wa spika kwa kawaida huwasha taa nyekundu iliyoandikwa PROTECT na kubaki hivyo hadi uizime na kuiwasha upya. Hii ilikata papo hapo na kurudi yenyewe. Tena injini ikiwa imezimwa ilikata mapema zaidi, kwenye namba 20. Hapo nikaacha kuishuku amplifaya, nikaanza kuushuku umeme unaoifikia.

Spika nilizipima kwanza hata hivyo, kwa sababu ni kazi ya dakika mbili. Chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya, weka mita kwenye omu, gusanisha ncha za mita zenyewe kwanza uone zinasoma ngapi (zangu 0.2) halafu utoe hiyo kwenye jibu. Nilipata 1.7. Ni sawa kwa mzigo wa omu 2, kwani mita husoma chini kidogo ya namba iliyoandikwa kwenye spika. Ingesoma 0.9 au chini, basi koili imeungua au muunganisho umekosewa. Kosa la kawaida hapa ni amplifaya ya chaneli mbili iliyobrijiwa (chaneli zote mbili zimeungwa kuendesha mzigo mmoja) na kupewa omu 2, wakati nyingi zikibrijiwa hazitaki chini ya omu 4. Pima pia kati ya kila waya wa spika na bodi ya gari: mita isisome kitu.

Kisha volti. Wengi hukosea hapa: wanapima betri gari likiwa kimya, wanaona 12.6, wanasema umeme upo. Upo, ila hakuna anayeutumia. Pima mzigo ukiwepo, na upime kwenye taminali za amplifaya yenyewe. Muziki hurukaruka kuliko mita inavyoweza kufuata, kwa hiyo niliweka kwenye fleshi mlio mmoja wa hezi 50, nikaupiga kwa sekunde tano tano, redio ikiwa namba 24. Usizidishe hapo. Mlio mfululizo unaunguza koili ya sabufa haraka kuliko wimbo wowote.

Injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), mlio ukipiga, kwenye betri nilisoma 13.2. Kwenye amplifaya, 10.4. Amplifaya nyingi hujizima volti zikikaribia 10, kwa hiyo hakuna muujiza: besi nzito ya muziki inashusha volti chini ya hapo, inajizima, mzigo unaondoka, volti zinapanda, inajiwasha.

Volti 2.8 zimepotea njiani. Kuzitafuta hakuhitaji kubahatisha. Mita inabaki kwenye volti za DC, mlio unapiga, ncha moja kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye chanya ya amplifaya (utahitaji kipande kirefu cha waya wa kuongezea). Upande huo ulikula volti 1.1. Upande wa hasi, 1.7. Nikagawa tena. Kutoka hasi ya amplifaya hadi kwenye bati la bodi, sentimita chache kutoka ulipofungwa waya wa ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari), 1.5. Kutoka bati hilo hadi hasi ya betri, 0.2 tu.

Volti moja na nusu kwenye waya wa nusu mita! Nilifungua. Ethi ilikuwa imefungwa kwa skrubu ya bati, juu ya rangi. Chini ya taminali rangi ilikuwa nzima kama ilivyotoka kiwandani, isipokuwa pete nyembamba nyeusi pale meno ya skrubu yalipokwaruza. Umeme wote wa amplifaya, ampea 45 hivi, ulikuwa ukipita kwenye meno ya skrubu ile. Ukiigusa baada ya mlio, ni ya moto.

Kama huna mita, kuna njia ya mkato ya kuthibitisha: chukua waya mmoja wa kubustia betri, unganisha hasi ya betri moja kwa moja na hasi ya amplifaya, kisha piga muziki. Ikiacha kukata, ethi ndiyo mbovu.

Ethi mpya nilifanya hivi. Toa hasi ya betri kwanza. Chagua bati nene, si lile jembamba la pembeni, na uchungulie chini ya gari kabla ya kutoboa. Tangi la mafuta na paipu za breki ziko huko. Toboa milimita 8, kwangua rangi kwa msasa pande zote mbili kwa upana wa sarafu mpaka chuma king'ae, weka bolti ya M8, taminali, washa ya meno, nati. Kaza, kisha paka rangi juu ili kutu isiingie. Waya usizidi nusu mita. Upande wa hasi ulishuka kutoka 1.7 hadi 0.3, na amplifaya ikapata 11.8.

Redio ikapanda hadi 30 bila kukata. Ikaja ikakata kwenye 32. Ilibaki ile 1.1 ya upande wa chanya.

Kishikio cha fyuzi karibu na betri peke yake kilikula 0.4. Plastiki yake ilishabadilika rangi kuwa ya kahawia upande mmoja: skrubu inayobana waya ililegea, waya ukachoma taratibu. Iliyobaki, 0.7, ni waya wenyewe. Kwa nje ulikuwa mnene, ila nilipoukata, mpira ulikuwa mwingi kuliko nyuzi, na nyuzi zenyewe ukizikwangua kwa kisu ni nyeupe ndani: alumini iliyopakwa shaba. Waya wa namna hiyo wenye milimita za mraba 8 hivi, urefu wa mita 5, kwa ampea 45 lazima upoteze karibu volti 0.7. Wala hauna hitilafu, ndivyo ulivyo.

Badala yake nilinunua waya wa mashine ya kuchomelea, milimita za mraba 25, shaba tupu. Ni laini, unapinda kirahisi chini ya zulia, na unauzwa kwa mita. Taminali zibanwe kwa koleo lake maalumu. Za kugongwa kwa nyundo hulegea. Fyuzi ya ampea 80 ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye betri, kwa sababu fyuzi iliyo mbali na betri hailindi kipande kilichoitangulia. Nikaongeza kipande cha waya huohuo kutoka hasi ya betri hadi bodi. Mlio uleule: betri 13.2, amplifaya 12.8.

Kuna watakaokuambia ufunge kapasita ya faradi 1, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka. Piga hesabu kabla ya kutoa hela. Kapasita hiyo ikishuka kutoka volti 14 hadi 11 inatoa jouli 37 na ushee. Amplifaya inayovuta wati 600 inazimaliza kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ethi mbovu bado iko palepale.

Mwisho niliirudisha chini gaini (kitufe cha amplifaya kinachopanga ikuze sauti kiasi gani), ambayo ilikuwa imefunguliwa yote. Wati 500 kwa omu 2 ni volti 31.6 za AC (zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili). Chomoa spika, zima besi ya kuongeza, redio namba 30, mlio wa hezi 50, mita kwenye AC, fungua gaini polepole mpaka isome 31 na uache hapo.