Benzi W123 ya dizeli kwa mizunguko ya Tabora: anza na bodi

Ukienda kuangalia Benzi W123, muuzaji atafungua boneti na kukuwashia injini usikie inavyotulia. Sikiliza, kisha tandika gunia ulale chini uangalie chuma. Injini ya 240D au 300D, aina za dizeli za gari hili, hufunguliwa na kufungwa na fundi yeyote makini wa dizeli hapa Tabora. Bodi iliyoliwa na kutu sakafuni itamaliza hela zako za kuchomelea, na mvua inayofuata itaanza kazi upya.

Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa na bisibisi butu. Sumaku ikikataa kushika nyuma ya tairi za mbele au kwenye kingo za matao ya tairi, hapo kuna puti. Kisha kagua matundu manne ya jeki pembeni. Toa vifuniko vya mpira, ingiza kidole, na ukitoa maganda ya kutu ujue kizingiti chote kinaoza kwa ndani. Inua kapeti pande zote mbili za mbele uguse sakafu, fungua buti uangalie kona za kushoto na kulia chini ya kapeti, kisha chungulia chini ya betri na kwenye ukingo wa chini wa kioo cha nyuma.

Mji wetu una miembe kila mtaa, na kivuli chake kina gharama. Majani na maua ya mwembe hujaa kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele na kuziba matundu ya kutolea maji. Mvua za Novemba zikianza, maji hupanda na kuingia ndani, yakakaa chini ya kapeti wiki nzima bila dereva kujua. Kila mwezi fungua boneti, toa majani kwa mkono, mimina jagi la maji, uhakikishe yanatokea chini ya gari.

Kuagiza gari la umri huu kutoka nje sikushauri, maana ushuru wa uchakavu huongezwa juu ya kodi nyingine. Tafuta lililokwisha sajiliwa nchini. Namba ya chesesi imegongwa kwenye chuma cha ukuta wa nyuma wa chumba cha injini. Ikiwa na 123.123 mwanzoni, pengine baada ya herufi WDB, ni 240D, ikiwa na 123.130 ni 300D. Tarakimu inayofuata ikiwa 2, gari lilitoka kiwandani na usukani wa kulia, ikiwa 1 ulikuwa kushoto. Injini ya 240D huanza na 616, ya 300D huanza na 617. Ukikuta injini ya gari jingine kabisa, kadi lazima iwe imebadilishwa iseme hivyo, la sivyo achana nalo. Angalia pia deni la faini za barabarani kabla hujatoa hata shilingi.

Mimi kwa kazi ya kila siku nachagua 240D ya gia za mkono. Nguvu yake ni ndogo, farasi 72 kwa zilizotoka miaka ya mwisho, lakini Tabora ni tambarare na silinda hedi yake ni ya chuma cha kalibu, si aluminiamu. 230E ya petroli ni tamu kuendesha, ila mfumo wake wa mafuta wa K-Jetronic hauvumilii uchafu, na mafundi wanaojua kuupima ni wachache.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho alfajiri. Injini nzima huwaka mara moja baada ya taa ya hita plagi, kipasha moto cha kila silinda, kuzimika. Ikitetemeka sekunde kadhaa na kutoa moshi mweupe, pengine plagi moja imekufa. Zile za kabla ya 1980 zimeungwa mfululizo, moja ikifa zote zinalala. Injini ikishapata moto, ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha oili ukigeuze juu chini juu ya tundu lake. Kikicheza kidogo ni sawa. Kikirushwa, ringi zimechoka. Ukipata fundi mwenye geji ya kompresheni, isishuke chini ya baa 15, na tofauti ya silinda na silinda isizidi baa 3.

Sasa tapeti, yaani kupima nafasi kati ya nundu ya kamshafti na kisukumio cha valvu, kazi ambayo wengi wanairuka. Watu wamezoea kwamba tapeti mbovu hugonga. Kwenye injini hii hatari iko kwenye ile isiyogonga. Valvu ya ekzosi huzama taratibu kwenye kiti chake, nafasi inapungua, mwisho valvu haifungi kabisa. Kompresheni inavuja, asubuhi gari linasumbua kuwaka, na dereva anabadilisha hita plagi bure. Pima kila kilomita 20,000, injini ikiwa imelala usiku kucha. Valvu ya kuingiza hewa ni milimita 0.10, ya ekzosi 0.30. Kuzitofautisha, fuata bomba lililo mkabala na kila valvu. Zungusha injini kwa nati ya puli ya krenki, spana namba 27, kuelekea upande inaozungukia tu, kamwe usitumie boliti ya kamshafti. Nundu ikielekea juu, pitisha fila geji, bapa jembamba la kupimia nafasi. Inatakiwa iteleze kwa kubana kidogo, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu. Kurekebisha kunahitaji spana mbili za namba 14, nyembamba na zilizopinda: moja inashika nati ya kufunga, nyingine inazungusha kofia. Ukishakaza, pima tena, maana kukaza kwenyewe husogeza kipimo. Gasketi ya kava iwe mpya.

Oili ni 15W-40, lita 6 na nusu hivi kwa 240D, kila kilomita 5,000. Legeza kifuniko cha filta kwanza ili oili iliyomo ishuke, ndipo ufungue nati ya chini.

Rejeta isijazwe maji ya kisima. Chumvi yake huganda kwenye mirija, na mshale unaanza kupanda siku ya joto la Oktoba. Mfumo wa 240D unabeba lita 10, kwa hiyo lita 5 za kulanti na lita 5 za maji yaliyochujwa ya betri. Themostati ni ya nyuzi 80, usikubali fundi aitoe. Rejeta nyingi zina shingo ya plastiki kwenye mpira wa juu. Ikizeeka hukatika ghafla ukiwa njiani Sikonge. Usivute mpira kwa nguvu, uchane kwa kisu ununue mwingine.

Kwa vumbi letu, kipimo cha eya klina ni kidole. Futa ndani ya bomba upande wa baada ya filta. Kidole kikitoka chekundu, injini inakula mchanga, na kosa mara nyingi ni mpira wa kukalia filta, si filta yenyewe. Filta za dizeli ni mbili, ya plastiki inayoonekana ndani na ile kubwa ya kufungia. Kubwa ijazwe dizeli safi kabla ya kufungwa, kisha piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Gari likikosa nguvu safarini na kupona baada ya kupumzika, chujio la ndani ya tangi limeziba.

Ukigeuza ufunguo na injini ikakataa kuzima, usiogope. Injini hizi huzimwa kwa vakyumu, mvuto wa hewa mirijani, uleule unaofunga loki za milango. Fungua boneti, kandamiza wenzo ulioandikwa STOP. Kisha chomoa mrija wa njano unaokwenda kwenye loki za milango na uzibe tundu. Injini ikianza kuzima vizuri, uvujaji uko mlangoni, kwa kawaida mpira uliochanika ndani ya kifaa cha loki.

Taa au waipa zikicheza, zungusha fyuzi kwenye vishikio vyake kabla hujafungua waya wowote. Nyeupe ni ampea 8, nyekundu 16. Mara nyingi ni ukungu wa oksidi tu kwenye ncha.

Yalitengenezwa karibu milioni 2.7 kati ya 1976 na 1986, hivyo spea bado zipo Kariakoo na Gerezani na zinafika kwa basi. Usiagize kwa maelezo ya umbo. Safisha kifaa cha zamani, soma namba iliyogongwa, piga picha, mtumie muuzaji, naye akupigie picha ya chake kabla hakijafungwa kwenye boksi. Vya kuwa navyo nyumbani wakati wote: fenibelti, mpira wa juu wa rejeta, filta zote mbili za dizeli, hita plagi mbili, mita moja ya mrija mwembamba wa kurudishia mafuta kwenye nozo, na rabari moja ya propela shafti pamoja na nati zake mpya.