Kungoja saa moja usiku: siku yangu moja kama fundi wa viyoyozi Malindi

Feni iliponyamaza saa nane usiku niliamka. Joto la Machi hapa Malindi si la kulala bila feni, lakini sikuwaza usingizi. Niliwaza hita iliyo nyuma ya nyumba ya mteja, upande wa Casuarina, ambayo nayo lazima ilikuwa imezimika dakika ile ile.

Watu wakisikia mimi ni fundi wa viyoyozi huona lile sanduku jeupe la ukutani na rimoti yake. Kazi ya wiki hii ilikuwa nyingine: kiyoyozi cha nyumba nzima, BTU 48,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza), mashine moja kubwa uani, ya pili darini, na dakti zinazotambaa juu ya jipsamu kupeleka hewa sebuleni na vyumba vinne. Kwenye mashine ya nje, chini kabisa ya kompresa, kuna hita nyembamba iliyoizunguka kama mkanda. Kazi yake ni kuipasha oili. Kompresa ikilala baridi, gesi huingia ndani ya oili na kujificha humo. Ukiiwasha ghafla, gesi hiyo inachemka, oili inatoka povu kama soda iliyotikiswa, na vyuma vinasagana vikavu. Kitabu cha mashine hii kinataka hita ikae na umeme saa 12 kabla ya kuwashwa mara ya kwanza. Jana saa kumi na mbili jioni niliiwasha nikajua asubuhi tuko tayari. Sasa stima imekatika, hesabu imevunjika.

Saa kumi na moja na nusu niliswali, nikala mahamri mawili na mbaazi kwa jirani, nikapakia vyombo kwenye tuktuk. Saa moja kasorobo nilikuwa uani kwa mteja, nimepiga magoti, kiganja kwenye tumbo la kompresa. Baridi kama mtungi wa maji. Nilikuwa bado nimeinama pale taa ya mita ilipowaka. Stima imerudi saa moja asubuhi. Kwa hiyo saa moja usiku, si kabla.

Mwenye nyumba alitoka na kanga begani.

“Shikamoo Mama.”

“Marahaba mwanangu. Leo twawasha, sivyo? Wanawake wa hina waingia saa kumi.”

“Twawasha, Mama. Saa moja usiku.”

Hakunijibu. Aliitazama mashine, akanitazama mimi, akarudi ndani. Nilijua hayajaisha.

Jambo la kwanza lilikuwa kusoma geji. Jana jioni tulijaza naitrojeni kwenye mabomba ya shaba hadi psi 500, kipimo cha mgandamizo, tukafunga, tukiangalia kama kiungo chochote kinavuja. Asubuhi geji ilisoma 492. Kijana wangu wa kazi alishtuka. Nikamwambia chukua kipimajoto: jana tulifunga kwa nyuzi 31, sasa ni 26. Gesi ikipoa hujikunja, na hizo psi nane ni hesabu ya joto. Nilipaka maji ya sabuni kila nati hata hivyo, na hakuna povu lililotoka.

Hapa lazima niseme neno moja, hata kama litamchosha msomaji. Wiki iliyopita duka lilikuwa limeishiwa naitrojeni, na mtu mmoja akanishauri niazime mtungi wa oksijeni kwa mchomeleaji, “hewa ni hewa.” Si kweli. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na oili ya kompresa hulipuka. Kuna mafundi waliokufa hivyo, na wengine watakufa kwa sababu hakuna aliyewaambia. Nilingoja siku mbili mtungi wa naitrojeni ufike kutoka Mombasa. Vivyo hivyo moto wa kuchomelea shaba: banda la makuti la Mama liko hatua sita kutoka ukuta ule, basi viungo vyote tulichomelea upande wa pili wa uani, upepo ukiwa unatoka ukutani kuja kwetu, na ndoo mbili za maji kando.

Saa mbili hadi saa tatu ni umeme: breka yake peke yake kwenye boksi kuu, swichi ya kukatia umeme karibu na mashine ili fundi wa kesho asiguse waya wenye moto, waya wa arthi uliokazwa na kupimwa. Kisha pampu ya ombwe ikaanza kunguruma, na siku yenyewe ikaanza.

Kabla ya kuachia gesi, ni lazima utoe kila kitu kilichomo ndani ya mabomba, hewa na unyevu. Unyevu ndio adui. Ukichanganyika na oili ya mashine hizi hutengeneza asidi, na asidi hiyo hula nyaya za mota polepole, mwaka mmoja, miwili, mpaka kompresa inakufa na mwenye nyumba anasema mashine ilikuwa feki. Pampu inapovuta, mgandamizo unashuka hadi maji yanachemka kwa joto la kawaida tu, yanatoka kama mvuke. Tunapima kwa mikroni, kipimo cha mgandamizo uliobaki ndani. Nataka chini ya 500, na nataka zikae hapo.

Saa nne na dakika ishirini zilifika 480. Nikafunga vali, nikazima pampu, nikakaa chini kutazama. 600. 900. 1,300. Zilipanda hadi 1,700 halafu zikasimama. Ukiona namba zinapanda bila kukoma, una tundu. Zikipanda kisha zikatulia, kuna maji mahali. Nilifungua oili ya pampu. Iliingia ikiwa safi kama ya kupikia, ikatoka nyeupe, nzito, kama tui la kwanza.

Kijana wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kaka, Jumanne mafundi wa jipsamu walibandua ile tepu mdomoni mwa bomba ili wapitishe fremu. Niliiona asubuhi yake. Nikaifunga tena, sikukwambia.”

Usiku mzima wa upepo wa bahari ulikuwa umelala ndani ya bomba langu. Sikumgombeza. Alisema mwenyewe, na kwenye kazi hii anayesema ana thamani kuliko anayejua. Tukabadilisha oili ya pampu, tukaingiza naitrojeni kavu ikakaa kidogo inywe unyevu, tukaitoa, tukaanza upya.

Hapo ndipo Mama alipotoka na simu mkononi. Kaka yake yuko Mombasa na anataka kusema na fundi.

“Fundi, hiyo pampu inavuta nini tangu asubuhi?”

“Unyevu, mzee.”

“Mimi hapa nyumbani kwangu fundi alifungua gesi kidogo, ikasukuma hewa nje, akafunga. Dakika tano. Kwani wewe walipwa kwa saa?”

Nililipwa kwa kazi, si kwa saa, na nilimwambia hivyo kwa adabu. Nikamweleza kuwa gesi ikisukuma hewa, unyevu unabaki umeng'ang'ania ukuta wa shaba. Nikamweleza pia kuwa gesi hii ni ya aina ya R410A: haitoboi ozoni kama R22 ya zamani, lakini kilo moja ikiachiwa angani hupasha dunia kama zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dioksaidi kwa miaka 100. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza gesi za namna hii. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Sawa, lakini washa saa tisa.” Nikarudi kwenye hita. Akarudi kwenye saa tisa. Tulizunguka hivyo dakika ishirini, simu ikatoka sikio la kushoto ikaenda la kulia, jua la saa sita limesimama utosini, na Mama amesimama kando yangu bila kivuli kwa sababu hakutaka nikate simu.

Mwishowe nilimwomba Mama ashike simu. Nikauchukua mkono wa kijana wangu nikauweka kwenye kompresa, nikamwambia, mwambie Mama ni ya namna gani. “Vuguvugu kidogo tu, Mama.” Nikasema: jioni itakuwa moto kama buli la chai, hapo ndipo oili imeiachia gesi. Nikiwasha saa tisa itapoza, wageni watafurahi, na pengine mwaka ujao mwezi kama huu utaniita nikwambie kompresa imekufa. Bei ya kompresa aliijua, alikuwa ameiona kwenye karatasi ya makadirio.

Alimwambia kaka yake, “Mwache afanye,” akaingia ndani. Alikuwa amekasirika. Alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho na alitaka nyumba iwe tayari, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama kati yake na jambo hilo. Hasira ile niliielewa, na iliniuma vilevile.

Chakula hatukula kwa wakati. Nilikuwa darini. Chini ya mabati saa nane mchana kipimajoto changu kilisoma nyuzi 52, na fundi hutambaa humo kwa tumbo, vumbi la jipsamu linageuka uji shingoni. Kila kiungo cha dakti nilikipapasa kwa vidole nikitafuta mahali sponji imeachana. Hewa ya pwani ina maji mengi. Chuma chenye baridi kikiachwa wazi kinatoa jasho, na baada ya mwezi dari inakuwa na madoa ya kahawia, halafu inaanguka. Nilimwaga lita mbili za maji kwenye trei ya kukinga maji nikasikiliza yakikimbia kwenye bomba la kutolea, sentimita moja ya mteremko kwa kila mita. Kisha nikaliziba bomba kwa kitambaa na kumwaga tena mpaka kiboya kikapanda na kukata umeme wa mashine ya ndani, kama inavyotakiwa. Niliposhuka sikuweza kusimama wima. Nilikaa kwenye ngazi nikanywa maji ya chupa nzima.

Mikroni zilikuwa 350. Nusu saa baada ya kufunga, 420. Hapo nilitabasamu peke yangu kama mtu aliyepata barua.

Bomba letu ni mita 14 na gesi ya kiwandani inatosha mita tano, basi nyongeza ni ya mita tisa, gramu 54 kila moja, yaani gramu 486. Mtungi ukawekwa kichwa chini juu ya mizani, maana R410A ni gesi mbili nusu kwa nusu na lazima itoke ikiwa majimaji, la sivyo moja hutangulia nyingine. Nikafungua vali za mashine ya nje taratibu kwa ufunguo wa pembe sita.

Wanawake walikuwa wameshaingia. Nilisikia kicheko, vikombe, na mtu akilalamika joto, na nikajua analalamika juu yangu. Kuanzia hapo sikuweza kuingia ndani. Mwanamume haingii sebule ya hina. Saa sikuzitazama tena. Niliswali Alasiri uani, nikaswali Maghrib uani, kijana wangu akasinzia ameegemea ukuta.

Ilipofika saa moja kiganja changu hakikustahimili tumbo la kompresa. Moto.

Tatizo likabaki moja: ningepimaje hewa inayotoka nisipoingia? Mjukuu wa Mama, wa miaka kumi hivi, alikuwa mlangoni ananitazama tangu saa kumi na moja. Nilimpa kipimajoto nikamwonyesha namba ziko wapi. Nikamwambia akishike mbele ya tundu la dari juu ya kabati, asitikise, anitajie namba kila nikimwita.

Umeme wa jioni nilipima volti 219. Feni ya ndani peke yake kwanza. “Yavuma!” akapiga kelele. Nikangoja, nikasikiliza, hakuna kinachokwaruza. Kisha nikamwambia abonyeze baridi. Mashine hujizuia yenyewe dakika tatu, na dakika hizo tatu sijawahi kuzizoea, miaka yote hii. Kisha kompresa ikashika. Bila kugonga, bila kutetemeka, mvumo mmoja mnene. Mita ya kubana waya ikasema ampea 21. Kibao cha mashine kinaruhusu 28. Bomba nene likaanza kutoa jasho chini ya tochi yangu, matone madogo, sawasawa.

“Ngapi, mwanangu?”

“Thelathini!”

“Sasa?”

“Ishirini na sita. Ishirini na nne!”

Ndani sauti zilikuwa zimepungua. Nilibaki na geji, psi 135 upande mmoja na 390 upande wa pili, nikingoja zitulie.

“Fundi! Kumi na tisa! Na Bibi asema chukua sahani hii, msiondoke bila kula.”

Alinipa pilau kwa mkono mmoja na kipimajoto kwa mwingine. Niliweka sahani juu ya boksi la vyombo, nikafungua mlango mdogo wa mashine, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani: tarehe, volti 219, ampea 21, gramu 486, nyuzi 19.

“Huko ndani nani atasoma?” akaniuliza.

“Fundi atakayekuja baada yangu.”

Alifikiri kidogo, akaniomba kalamu, akaandika jina lake chini ya namba zangu.